Roho Kavu

Siku ya tano tangu Hegesandro aanze kumkausha mama yake, dada yake Filina alikuja na bakuli la mchuzi wa dengu.

"Rudisha," Hegesandro alisema. "Majimaji hayo ndiyo yanayomwozesha akili."

Walikuwa kwenye karakana yao ya vyungu, Efeso. Mama yao, Arkhipa, alikuwa ameketi karibu na tanuri, amefunikwa blanketi la sufu, midomo imepasuka. Mwaka wa pili sasa alikuwa hamjui mtu. Mwanawe akimwita mama, humwuliza kwa adabu yeye ni mtoto wa nani.

Sokoni, Hegesandro alikuwa amemsikia msomi mmoja akifundisha kwamba roho ni moto. Ikilowa, mtu hupepesuka na kusahau kama mlevi. Ikikauka, hupata busara. Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Tangu utotoni alikuwa ameuona udongo mbichi ukinyeshewa na kurudi kuwa tope, na uliopita motoni ukishika umbo lake. Basi akamkataza mama kuoga, akamnyima divai na mchuzi, akampa shayiri ya kukaanga na funda moja la maji asubuhi.

"Kaka, mama si chungu!"

"Wewe unajua nini? Kasokote sufu zako."

"Najua kiu. Hata punda wako unamnywesha."

"Punda hana akili ya kupoteza."

"Basi mko wawili. Kesho nakuja na mume wangu, tutamtoa humu kwa nguvu."

Akaondoka akilia, bakuli mkononi.

Juu ya tanuri kilining'inia kinyago cha kulinda vyungu visipasuke. Hegesandro akainua mikono mbele ya kinyago hicho, akaomba. "Mlinde mama pia. Aniite kwa jina mara moja tu, sitaomba kingine."

Alasiri mama akafumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Hegesandro." Sauti ilikwaruza kama gae la chungu. "Mbona umekonda hivyo, baba?"

Akapiga magoti. "Umenijua!"

"Nisikujue vipi na nimekuzaa mimi? Nipe maji, baba."

Mtungi ulikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Aliutazama. Lakini dawa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi, na chungu kikimwagiwa maji kabla moto haujamaliza kazi yake, hupasuka. Hilo alilijua vizuri kuliko alivyojua jambo lolote.

"Kesho, mama. Vumilia hadi kesho tu."

Akaongeza kuni.

Mama hakusema tena. Asubuhi Filina na mumewe walimkuta Hegesandro ameushika mkono uliokwisha kupoa, ingawa tanuri lilikuwa bado linawaka.

Maiti haitoki nyumbani bila kuoshwa. Hegesandro akaenda chemchemini mara tatu, na mara zote tatu akarudi na mtungi umejaa pomoni. Filina akaosha, hakumtupia jicho. Hegesandro akachota maji kwa kiganja, akayatia katika midomo ya mama. Yakateremka shavuni hadi chini, na sakafu ya udongo ikayanywa yote.