Miwani ya Njano ya Paskazia

Haya, nitegulie hiki: nina madirisha mawili, nikiyafunga mchana kunakuwa usiku. Umesema macho? Umepata. Basi kaa nikupe habari za macho ya Paskazia, bingwa wa kuchambua dagaa pale ufukweni Pasiansi.

Mama huyu alitupa jicho mara moja tu kwenye chandarua cha kuanikia, akajua: hawa wanaong'aa ni wa kuliwa na watu, hawa walionyeshewa mvua wakageuka njano ni chakula cha kuku. Ila siku hizi mng'ao wa jua juu ya ziwa ulimchoma, macho yakawasha kama yametiwa mchanga. Akanunua miwani ya njano kwa machinga, akatembea kama bibi harusi.

Wiki haijaisha, Agutu, mke wa mwanawe, akakuta fungu la kuku limekuwa kilima.

"Mama! Hawa si wazima kabisa? Unalisha kuku wa Ilemela nzima?"

"Wa njano hao, huoni?"

Agutu akamvua miwani. Dagaa wakang'aa kama sindano mpya. Paskazia akaguna.

"Mama, macho yanakusumbua tangu lini?"

"Tangu ulipoolewa hapa!"

Wakacheka, lakini Paskazia aliingiwa na hofu. Wakijua, si watamwambia akae nyumbani alee wajukuu, chandarua apewe mwingine?

Agutu hakubishana, alimpeleka kliniki ya macho. Mtaalamu, kijana aitwaye Obedi, akamwamkia shikamoo, akammulika macho kwa tochi.

"Kuna kinyama kidogo kimeota pembeni mwa jicho, mama. Kinaletwa na jua, upepo na vumbi. Hakijafika kwenye mboni, tutakifuatilia. Na miwani hii inapaka kila kitu rangi yake. Tena kioo kuwa na rangi siyo kinga. Tafuta ya kijivu, iliyopimwa kuwa inazuia mionzi ya jua, rangi hazitakudanganya. Na kofia pana."

"Na kazi je?" Paskazia akadakia.

"Kazi gani? Chambua dagaa wako!"

Paskazia akajaribu ya kijivu palepale kliniki, akamkagua Agutu kuanzia kichwani. "Kumbe kitenge chako ni cha bluu! Wiki nzima nakiona kijani."

Agutu akashika kiuno. "Usinizungushe, mama. Tangu lini?"

Paskazia akashusha pumzi. "Tangu Krismasi, mwanangu. Niliogopa mtaninyang'anya chandarua changu."