Ruhusa ya Alawi

Mikono minne iliinuka. Wa Alawi ulibaki mezani.

Tekla alidhani Alawi hakusikia. Akaisoma hoja upya, polepole, katika ukumbi mdogo walioazimwa na parokia pale Iringa: kikundi kiondoe programu yao kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya ng'ambo, kiihamishie kwenye seva yao wenyewe. Miaka sita walikuwa wakiijenga programu ile, inayowatafsiria wauguzi wa Kilolo maneno ya wagonjwa wasiojua ila Kihehe. Maneno mengi yalitoka kinywani mwa mama yake Tekla, aliyerekodiwa akiwa kitandani, pumzi zikimwishia. Sasa kampuni ilikuwa imeanza kuzifundisha mashine zake kwa kutumia kazi za watu, na sauti ya mama ilikuwa humo humo.

"Kaka Alawi, si tulikubaliana?"

Alawi alikuwa amefika jana yake kutoka Mbeya, akalala kwake Tekla kama ndugu. Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amemwambia, "Kura yangu unayo, dada."

"Tusubiri kidogo," alisema sasa. "Kuhama si lelemama."

Shufaa, aliyekuwa akipekua akaunti ya kikundi ili ajue vya kuhamisha, aliinua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Kampuni inasema haigusi kazi ya mtu bila ruhusa. Yetu imeruhusiwa tangu Machi." Akawageuzia kompyuta. "Aliyeruhusu ni kaka Alawi."

Miezi yote hiyo Tekla alikuwa ameilaani kampuni, kitu cha mbali kisicho na sura. Kumbe kikulacho hakikuvuka bahari. Kilikuwa kimekunywa chai mezani pake.

"Waliniahidi kazi," Alawi alisema, macho sakafuni. "Nilidhani wanataka maandishi tu."

"Na sauti ya mama?"

"Sikuifikiria."

"Wewe ndiye uliyemshikia kinasa sauti, Alawi."

Alawi alichukua begi lake akatoka, na katika nchi ambayo mgeni hasindikizwi kwa macho, hakuna aliyenyanyuka kumsindikiza.

Hoja ilipita kwa kura nne. Kilichokwisha kuchukuliwa hakingerudi, wote walilijua hilo. Hata hivyo Shufaa alianza kuhamisha. Kila badiliko walilowahi kufanya lilishuka kwenye kioo pamoja na jina la mwenye kulifanya na maelezo yake mafupi. Takriban nusu yalikuwa ya Alawi.

"Dada, jina lake nilifute? Inawezekana."

"Futa," Tekla alisema, akasogeza kiti ashuhudie.

Hapo ndipo jicho lake lilipokwama kwenye tarehe moja, siku ya pili baada ya mazishi ya mama. Chini ya jina la Alawi paliandikwa: *Nimemalizia sehemu ya Tekla. Yuko msibani, msimsumbue.*

Hakuwahi kujua. Aliporudi kazini wakati ule aliikuta kazi imekamilika, wala hakuuliza.

"Nibonyeze, dada?"

"Ngoja," alisema Tekla, akayasoma tena maneno yale.