Muhuri wa Wakunga

Ko. Kimya. Ko.

Sauti ilitoka kabatini, na kabati nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa ufunguo. Mlio ule niliujua: muhuri ukigongwa juu ya karatasi.

Mkataba wa ushirika niliuandika mimi, katibu wa wachimba visima, na kila kifungu nilijivunia. Cha tatu kilisema hapachimbwi mpaka chama chetu na chama cha wakunga vikague pamoja uwanja wa hospitali, kisha mihuri miwili igongwe chini ya ramani ya kisima. Lakini shangazi yangu, mkunga mkuu, alifariki wiki iliyopita kabla hatujapita. Mashine ilikuwa njiani, na muhuri wake ulibaki ofisini kwetu. Nikaugonga mwenyewe, mara moja, nikaufungia kabatini pamoja na ramani.

Ko.

Binti yake, aliyeshika nafasi yake, alikuwa ameketi mbele yangu. Aliuliza tutapita lini; nikamjibu mambo yameiva, asubiri maji tu. Zamani alizoea kunicheka kwamba maneno yangu hufika leo, miguu hufuata kesho. Sasa hakucheka.

"Fungua, kaka."

Nikafungua. Muhuri ulikuwa umesimama juu ya ramani, wino mbichi. Nyuma ya wodi ya wazazi, pale nilipochora kisima, palikuwa na alama kumi na moja zilizopangwa safu kama vitanda.

Dada alizigusa moja moja. Akanieleza polepole kwamba watoto waliozaliwa bila pumzi, wasio na wa kuwachukua, mama yake aliwazika pale kabla uzio haujajengwa. Haikuandikwa popote. Ndiyo maana shangazi alishikilia niweke kifungu cha tatu, nami nikadhani ni ukaidi wa uzee.

Nje injini ikanguruma. Nilikimbia hadi nyuma ya wodi, nikasimama chini ya chuma cha kuchimbia. Fundi aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia azime kwanza, matusi baadaye. Akazima.

Niliporudi, dada alikuwa ameushika muhuri kwa mikono miwili, kama anayemtuliza mtoto. Kabati lilikuwa kimya. Nilikiri kwamba alama ile ya chini ilikuwa ya mkono wangu.

"Kesho nitakuja na ramani tupu," nikamwambia. "Tutapita pamoja, kalamu utashika wewe. Usiponiambia chimba, dada, sichimbi."