Ujumbe wa Mtu Mmoja

Ukoo mzima ulimwita Injinia, kwa kuwa ndiye aliyewatengenezea ndugu zake mtandao wao wa kupashana habari na picha. Aliandika programu moja tu, ikakubali kwenye simu za kila aina na hata kwenye kompyuta. "Chungu kimoja, tunakula wote," alijisifu.

Binamu yake, aliyemsaidia kuijaribu, alimletea kisimu chake kidogo. "Kaka, mbona pa kuchagua nani asome sipaoni? Pamezama chini ya kioo."

"Programu ni ile ile, kwangu panaonekana," alijibu Injinia bila hata kuishika. "Nunua simu, bwana!"

Wakacheka, yakaisha.

Ndugu walipojiunga, shangazi yake, mpiga pasi kwa dobi, alimwandikia mdogo wake: "Nina uvimbe kwenye titi. Kesho naenda kupimwa. Mama asijue, moyo wake hauwezi." Naye simu yake ilikuwa ndogo; hakuona pa kuchagua msomaji, akatuma. Ujumbe ukaenda kwa wote, mama mtu akiwemo.

Injinia aliufuta mara alipouona, lakini maji yalikwisha mwagika. Pole zilikuwa zinamiminika. Akatoka mbio hadi kwa dobi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinua uso kutoka kwenye shati alilokuwa akilinyoosha.

"Kosa ni langu. Binamu aliniambia mapema, nikampuuza."

Pasi ikasimama. "Kumbe ulijua?"

Njia nzima alikuwa amejiandaa kueleza vioo vidogo na vikubwa. Sasa akayaacha yote.

"Nilijua."

"Bibi yako yuko njiani. Anasema hospitali tutaenda wote."

"Afadhali," akaropoka.

"Usijipoze, mwanangu. Mama kuja ni wema wake, si wako. Nilitaka nimwambie mwenyewe, nikiwa na majibu."

"Basi nitawaandikia wote, niombe radhi."

"Ili waanze upya kulijadili titi langu?"

Injinia akainama. Angeweza, angejikunja akaingia mfukoni mwa shati lile.

Kitufe cha kuchagua msomaji alikirekebisha siku hiyo hiyo. Uvimbe haukuwa wa hatari, lakini habari hizo alizipata kwa binamu, maana shangazi alikwisha jitoa mtandaoni na hakuna aliyethubutu kumwomba arudi. Wakikutana, humwitikia salamu vizuri tu. Ni Injinia asiyeweza kumtazama usoni.