Bosi Amejifungua

Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, saa tisa alasiri, familia ya Masalu ilikaa sebuleni kwake, Nyegezi jijini Mwanza, kuamua yupi kati ya mbwa wawili wa nyumbani afanyiwe upasuaji ili watoto wasizaliwe tena. Mwenyekiti alikuwa Masalu mwenyewe, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha barafu kilichoko ufukweni. Walikuwapo mama yake, Bibi Ng'washi, na mdogo wake Chenge, aliyetoka Misungwi asubuhi na ambaye hajawahi kukosa kikao chenye chakula. Afisa mifugo Akinyi alialikwa kama mtaalamu. Katibu alikuwa Dorotea, mke wa Masalu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Katika familia hiyo katibu huandika, hachangii. Utaratibu huo aliuweka marehemu baba yake Masalu, ambaye alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Katika miaka kumi na tano ya ndoa Dorotea alikuwa ameandika mihtasari ya mahari za mawifi zake, ya viwanja na ya misiba. Aliandika vizuri, bila kukata maneno.

Mbwa wenyewe walikuwa wamelala barazani. Bosi, dume, alikuwa wa kahawia, mwenye kifua kipana na sauti ya kutisha wauza maji. Suzi, jike, alikuwa mweusi na amezaa mara nne, mara ya mwisho watoto tisa, na majirani walishaanza kupita njia ya juu ili wasipewe mbwa. Ua una ukuta na geti la chuma, mbwa wa nje haingii, kwa hiyo baba wa watoto wote alijulikana.

"Daktari, tueleze," alisema Masalu.

Akinyi ni mwanamke wa Rorya na hazungushi maneno. "Dume ni kazi ya dakika ishirini. Namlaza kidogo, nakata hapa nje, natoa, nashona. Jioni anakula ugali wake. Jike ni kufungua tumbo. Na huyu Suzi nimemsikiliza moyo, siupendi. Naweza kumlaza asiamke. Ningekuwa ninyi ningemhasi Bosi, tumalize."

Chenge alisema mbwa aliyehasiwa hunenepa na kuwachekea wezi. Bibi Ng'washi aliuliza dume lisilo dume linalinda nini. Akinyi akamgeukia mwenyekiti.

"Baba Paulo, si wewe uliyekuwa ukihasi ng'ombe wa watu kule Misungwi?"

Ilikuwa kweli. Tangu akiwa na miaka kumi na sita mpaka alipopata kazi kiwandani, Masalu aliitwa boma hadi boma na koleo lake la kuhasia, na watu walisema maksai waliopita mkononi mwake hawakuvimba. Inakadiriwa alihasi madume mia tatu. Hakuwahi kutetemeka.

"Ng'ombe ni kazi," alisema Masalu.

"Na huyu?"

"Huyu namfahamu."

Dorotea akaandika kwamba mwenyekiti alisema anamfahamu.

Ajenda ya mwisho ilikuwa Mengineyo. Chini yake Dorotea alikuwa ameandika mapema, kwa penseli, neno Sengerema. Sengerema ndiko kwao, na ndiko alikojifungulia mtoto wa tano, Selina, mwezi wa tisa mwaka uliopita. Presha ilipanda, akapatwa na degedege, na kwa siku mbili hakumtambua mama yake mzazi. Alipopona, daktari aliwaita yeye na mumewe pamoja, akawaambia mimba nyingine inaweza kumwondoa. Sindano na vidonge vya kupanga uzazi havikumfaa. Kumpasua yeye ili kumfunga kizazi kulikuwa na hatari yake kwa presha ile. Lakini kumfunga baba, alisema daktari, ni jambo dogo, ganzi kidogo tu, anaingia kwa miguu yake na anatoka kwa miguu yake. Masalu alimshika daktari mkono, akasema atafikiria.

Ilikuwa imetimia miezi minane anafikiria. Dorotea alikuwa anaogopa kufa. Kila mwezi alihesabu siku zake, na ikichelewa hata siku moja alishona vibaya sare za shule za wateja wake, akazifumua.

Mengineyo hayakufikiwa. Wali ulikuwa umeiva, na mwenyekiti akaahirisha kikao mpaka Akinyi atakaporudi kutoka visiwani, alikokuwa anakwenda kuchanja mbwa kwa miezi miwili.

Katikati ya mwezi wa sita Bosi alianza kukataa ugali wa asubuhi. Alikula udongo wa kwenye kona ya ukuta na kulala mchana kutwa penye kivuli. Kufikia mwisho wa mwezi tumbo lilikuwa limeshuka na chuchu zake zimevimba. Dorotea, aliyepitia hali hiyo mara tano, alimtambua mara moja. Alimwambia mumewe wakati anamnawisha mikono kabla ya chakula.

"Baba Paulo, Bosi ana mimba."

Masalu alitoka na tochi, akamtazama, akarudi mezani. "Kweli anayo," alisema. Kisha akauliza kama samaki amebaki.

Tangu siku hiyo Masalu alibadilika. Alikuja na vipande vya barafu kutoka kazini ili Bosi avirambe wakati wa joto. Alimchemshia supu ya dagaa mwenyewe, yeye ambaye kwa mimba tano za mkewe hakuwahi kujua jiko linawashwaje. Bosi alipohema kwa shida, Masalu alikaa naye barazani na kumpepea kwa kipande cha boksi. Dorotea aliyaona hayo kutoka kwenye cherehani yake na wivu ulimshika, wivu wa kumwonea mbwa, na hakuona aibu.

Bosi alijifungua Alhamisi moja asubuhi, mwezi wa saba, chini ya cherehani. Alizaa saba, wote wazima. Suzi alikaa mlangoni, mwembamba na mwenye afya, akiwatazama. Majirani ambao zamani walipita njia ya juu sasa waliteremka na vikombe vya uji kutoa hongera, na watoto wote wa mbwa waliombwa kabla hawajafumbua macho. Mchungaji alikuja pia. Alisema mbwa anaonekana amechoka.

"Mmeona dume?" Masalu aliwauliza wageni. "Hilo ndilo dume."

Akinyi aliporudi kutoka visiwani alimpima Bosi, akamgusa chuchu, akasema maziwa yapo ya kutosha. Kikao kikaitishwa Jumapili iliyofuata, wajumbe wale wale. Yatokanayo na kikao kilichopita yalikuwa jambo moja tu.

Masalu alieleza kwamba Bosi ananyonyesha na hawezi kuguswa. Akinyi alikubali kuwa anayenyonyesha haguswi, akashauri wasubiri miezi mitatu kisha wamhasi. Chenge alisema daktari ameshakuja na vifaa vyake, mbwa wako wawili, mmoja haguswi, kwa hiyo hesabu si ngumu. Bibi Ng'washi alitikisa kichwa kuafiki.

Hapo Dorotea aliweka kalamu chini. Kiti cha katibu kiko kando ya kabati la vyombo, na kwa miaka kumi na tano hapakuwa pametoka sauti pale.

"Aliyezaa ni Bosi," alisema.

Watu walimtazama kwa upole. Hakuna aliyembishia. Chenge ndiye aliyemsaidia kuelewa.

"Shemeji, kuzaa amezaa, wote tumeona. Lakini ni dume."

"Na Suzi hakuzaa."

"Suzi ni jike, mwanangu," alisema Bibi Ng'washi. "Kizazi kiko kwake."

"Bosi amezaa kwa kipi?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti alimkumbusha katibu utaratibu, bila ukali, kisha akawauliza wajumbe kama wameafiki. Waliafiki. Dorotea akachukua kalamu na kuandika kwamba kikao kiliafiki kwa kauli moja, maana ndivyo ilivyokuwa.

Akinyi aliweka karatasi mbele ya Masalu, ya kukiri kwamba ameelezwa habari za moyo wa mbwa. Masalu alisaini. Suzi alipandishwa kwenye meza ya barazani Jumatatu saa nne asubuhi. Upasuaji ulikwenda vizuri, kizazi kilitoka chote, mshono ulikuwa mzuri. Suzi hakuamka. Akinyi alikaa naye mpaka saa kumi, amemwekea mkono kifuani, kisha akakunja vifaa vyake na kuondoka bila kunywa chai.

Masalu alisikitika kweli. Alimchimbia Suzi shimo nyuma ya nyumba kati ya mawe makubwa, akapanga mawe madogo juu, na jioni hakula. "Angalau hilo limekwisha," alimwambia mkewe. Dorotea alikuwa analia, na alikuwa hamlilii mbwa peke yake.

Mwezi wa kumi Bosi alipata mimba tena. Uani hapakuwa na jike, geti lilikuwa linafungwa saa zote, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Barafu zikaanza kuja, supu ya dagaa ikarudi jikoni. Kazini Masalu alipewa siku tatu za ruhusa kwa ajili ya kujifungua, na wenzake walimchangia kitenge.

Mwezi wa kumi na mbili, Bosi akikaribia kuzaa, siku za Dorotea zilichelewa. Zilichelewa sita, kisha zikaja, na usiku zilipokuja alimwambia mumewe kwamba hawezi tena kuishi kwa kuhesabu. Masalu alikuwa anavua viatu. Alivua cha pili pia kabla ya kujibu.

"Nimefikiria," alisema. Dorotea akashika ukingo wa kitanda. "Nenda kafunge, Mama Paulo. Mimi sikukatazi."

"Daktari alisema wewe."

"Daktari hanijui."

Asubuhi Dorotea alimweleza mama mkwe wake, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Bibi Ng'washi alikuwa anachambua mchele. Alizaa kumi na mmoja, akazika wanne.

"Mume wangu alifikiria miaka ishirini na miwili," alisema. "Alikufa bado anafikiria. Nenda, mwanangu. Watoto nitakaa nao."

Kisha akaingia ndani, akatoka na khanga yake mpya ambayo hakuwahi kuifunga, akampa.

Dorotea aliondoka Jumanne alfajiri kwenda Sengerema. Basi lilivuka daraja la Kigongo kwa dakika chache, mahali ambapo zamani wangesubiri kivuko mpaka jua liwe kali, na alisikitika kwamba safari imekuwa fupi. Hospitalini alipimwa presha mara tatu. Ya kwanza ilikuwa juu, ya pili ilikuwa juu zaidi, ya tatu ilishuka kidogo, wakasema wataifanyia kazi hiyo. Daktari alikuwa yule yule. Alimkumbuka.

"Mzee hakukubali?"

"Alifikiria."

Daktari aliitazama presha ile kwenye karatasi kwa muda, akamweleza hatari zote upya, moja moja, polepole. Dorotea alisema ameelewa. Muuguzi akaja kujaza fomu.

"Mume umekuja naye?"

"Yuko Mwanza. Mbwa wetu amejifungua jana, hawezi kumwacha."

"Jike?"

"Dume."

"Wanachoka sana hao," alisema muuguzi, akaandika. Akampa gauni la kijani linalofungwa kwa nyuma.

Dorotea alikuwa ameshalivaa simu ilipolia. Masalu alikuwa na haraka. Kati ya wanane wa Bosi safari hii, mmoja hanyonyi, na haoni glukosi ilipowekwa. Dorotea alimwambia iko kabatini, rafu ya juu, nyuma ya kopo la chumvi. Alimwelekeza kiasi cha maji, na kwamba maji yawe vuguvugu, na kwamba atumie kijiko kidogo cha Selina na kukiosha baadaye. Alisubiri mpaka Masalu akaipata. Nyuma ya sauti yake alisikia watoto wa mbwa wakilia, na mwanawe wa kike akicheka nao.

"Anakunywa," alisema Masalu, amefurahi. "Anakunywa, Mama Paulo. Haya, usichelewe kurudi."

Akakata simu. Muuguzi alinyoosha mkono kuipokea, Dorotea akampa, wakaenda.