Sahihi ya Saa Nane

Siku ya arobaini na tatu tangu amzike mkewe, fundi bomba alifunga koki ya mteja kabla kazi haijaisha, akanawa mikono, akaenda kituo cha polisi kuuliza swali lile lile alilokuwa akiliuliza tangu juma la kwanza: mkewe ataandikwa lini kwenye ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa ukutani, mkabala na kaunta, mahali ambapo hata mtu aliyekuja kushtaki wizi wa kuku asingekosa kuuona. Juu umeandikwa WALIOFIA KAZINI, chini yake majina kumi na moja kwa rangi nyeupe. Baada ya la kumi na moja palibaki mbao tupu. Fundi alishaipima kwa jicho, kama anavyopima ukuta wa kupitisha bomba. Majina manne yangeingia pale bila kubanana. Yeye alitaka moja tu.

Mkewe alikuwa konstebo. Aliingia konstebo, akakaa miaka kumi na tisa, akafa konstebo. Kituoni walimwita Dada Mkubwa, maana vijana aliowaonyesha namna ya kufunga mkanda walipanda vyeo wakampita mmoja mmoja, na wengine wakaanza kumtuma chai. Viatu vya kazi alijinunulia. Makoti ya mvua yalikuwa mawili kwa zamu nzima, na aliyechelewa kuyawahi aliloa. Likizo aliiomba miaka mitatu mfululizo, na mara zote tatu akajibiwa asubiri watu waongezeke. Watu waliongezeka kweli, ila huko juu. Kila mwaka makao makuu yalizaa ofisi mpya, na kila ofisi ikataka dereva, mlinzi wa mlango na mtu wa kubeba mafaili, na wote hao walichotwa huku chini, kwenye malindo. Jioni fundi alimchemshia maji ya chumvi, akamwekea miguu kwenye beseni, na mama wa watu akawa amesinzia kabla maji hayajapoa.

Alikufa siku ya Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, katikati ya mzunguko wa barabara, akiongoza magari. Lori la mchanga lilikatika breki. Wauza vocha waliona, madereva waliona, hata wafungwa waliokuwa wakirudishwa kutoka mahakamani waliona. Alikuwa na sare mwilini, filimbi mdomoni, redio ya mkononi kiunoni. Ungedhani hapo hakuna la kubishania.

Lakini kitabu cha zamu kilisema alitoka kazini saa nane mchana. Na sahihi ilikuwa yake.

Jambo hili lazima lielezwe taratibu, maana aliyelisikia kwa mara ya kwanza hulirudia kuuliza. Makao makuu walitoa amri kwamba askari asisimame lindoni zaidi ya masaa manane. Amri nzuri, imepigwa chapa, ina mhuri. Watu wa kupokezana hawakuletwa. Mkuu wa kituo ambaye kitabu chake kilionyesha mtu kakaa masaa kumi aliitwa kujieleza, kwa hiyo kila mkuu akatafuta njia yake ya kupona. Njia ya mkuu wa hapa ilikuwa hii: saa kumi na mbili asubuhi, askari anapochukua redio, anasaini mara mbili, ya kuingia na ya kutoka, kwenye kitabu cha zamu na kwenye kitabu cha stoo ya redio. Saa ya kutoka anaiandika kabisa hapo hapo, saa nane mchana. Baada ya hapo atakaa lindoni mpaka mwenzake atakapotokea, hata kama ni magharibi. Walifanya hivyo miaka sita. Wakazoea, hata wakawa wanataniana kwamba wao ndio askari pekee duniani wanaorudi nyumbani kabla hawajafika kazini.

Na huyo aliyepaswa kumpokea Dada Mkubwa Alhamisi ile? Alikuwa amepelekwa kusimama getini kwa shemeji wa mkubwa mmoja. Kulikuwa na sherehe.

Aliyetunza kitabu alikuwa koplo mmoja mwembamba waliyemwita Miwani. Askari wote wa kituo kile walimwita fundi shemeji, na Miwani zaidi ya wote, kwa kuwa alishakula kwake mara nyingi. Siku hii ya arobaini na tatu alipomwona anaingia alijifanya anatafuta kalamu. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba safari hii kuna jibu, mkuu wa utumishi wa wilaya anamwita kesho saa tatu.

Fundi hakushangilia. Alishazungushwa sana. Mkuu wa kituo alimwambia hana mamlaka, aende wilayani. Wilayani walimwambia neno kama hilo huanzia kituoni. Alipofika mkoani waliuliza nani kamruhusu kufika mkoani. Alikuwa mtu wa darasa la nne, lakini mabomba aliyajua, na jumba lile la vyeo alilielewa kuliko walivyodhani. Amri ziliteremka zenyewe kama maji ya tangi, ila malalamiko ya huku chini hakuna aliyeyafungia pampu.

Nyumbani ni chumba kimoja na pazia, kwenye mstari wa nyumba za askari, choo kimoja kwa familia tisa. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kitandani na sare ya bintiye mapajani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wameshamwandika?" akauliza.

"Bado, mama. Wameniita kesho."

"Wamekuita wakupe nini?"

"Sijui. Labda safari hii watasikia."

Yule mama akafikiri. Akasema yeye hataki makubwa, wala hataki bendera. Anataka tu siku ya kufa kwake asiulizwe mtoto wake alikuwa akizurura nini katikati ya barabara.

Kesho yake fundi alivaa shati lake la harusi za watu, akafika wilayani saa mbili na nusu. Aliitwa ndani saa nane kasorobo. Mkuu wa utumishi alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha fundi. Alikuwa na kiti kinachozunguka na feni mezani inayompepea yeye peke yake. Akampa pole ya msiba kwa maneno mengi, akamwita mzee wangu, akamsogezea karatasi.

Karatasi ilisema kwamba yeye, mume wa marehemu, anakubali mkewe alifariki kwa ajali ya barabarani baada ya muda wa kazi.

Fundi akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Akasema hiyo si kweli.

"Mzee wangu, sahihi ni ya nani?"

"Ya kwake. Lakini alisaini asubuhi. Wote husaini asubuhi."

"Sisi hilo hatulijui. Nani kakwambia?"

Fundi akarudisha macho kwenye karatasi. Aliyemwambia ni mkewe, miguu ikiwa kwenye beseni.

Mkuu wa utumishi akafungua faili, akatoa karatasi nyingine, akaishika kwa vidole viwili kana kwamba inamchoma. Hii ilihusu redio. Kitabu cha stoo kilionyesha kwamba redio namba kumi na saba ilirudishwa saa nane mchana, sahihi ya marehemu. Redio hiyo hiyo iliokotwa barabarani saa kumi na robo, imesagika. Sasa, kama marehemu alishatoka kazini, alikuwa anafanya nini na mali ya serikali kiunoni? Kuna watu huko juu, alisema, walitaka iandikwe kwenye faili lake kwamba aliiba. Yeye amewazuia, kwa sababu naye ni binadamu. Mzee akitia sahihi pale chini, habari ya redio inafungwa kimya kimya, na marehemu anabaki na faili safi.

Fundi aliwahi kuona bomba limefungwa pande zote mbili, maji yamo ndani hayana pa kwenda. Alijisikia hivyo hivyo. Akisaini, mkewe hakuwa kazini. Asiposaini, alikuwa mwizi.

"Alikuwa na redio kwa sababu alikuwa kazini," alisema. "Muulizeni koplo wa kitabu. Yeye anajua."

Mkuu wa utumishi hakukasirika. Alibonyeza kengele, na Koplo Miwani akaingia. Kumbe alikuwa chumba cha pili muda wote. Akapiga saluti, akasimama wima akitazama ukuta juu ya kichwa cha bosi wake. Fundi alimtazama kola iliyochakaa, mishono ya nyuzi za rangi mbili. Alijua habari zake zote: watoto wanne, miaka tisa kwenye cheo kile kile, jina lake kwenye orodha ya kupanda usajenti mwezi ujao, kwa mara ya tatu. Alijua pia kwamba akisema kweli, kitabu cha miaka sita kitafunguliwa, na kila askari wa kituo kile ana sahihi za uongo humo, mamia kwa mamia, na wa kwanza kuulizwa ni aliyekitunza. Mkuu wa kituo atasema hakujua. Mkuu wa wilaya atasema aliletewa taarifa safi. Mzigo ungeshuka ngazi kwa ngazi mpaka umkute wa chini kabisa, na wa chini kabisa ni Miwani.

"Koplo, konstebo huyo alitoka kazini saa ngapi?"

Feni ikaendelea kumpepea mkuu wa utumishi peke yake.

"Kwa mujibu wa kitabu, afande, saa nane mchana."

"Ahsante. Unaweza kwenda."

Fundi akaisogeza karatasi mbele, akaisogeza mpaka ikafika upande wa mwenyewe. Akasema hasaini. Yule bwana akamwambia afikirie jina la marehemu, na fundi akajibu kwamba hajafikiria kitu kingine siku arobaini na nne. Basi, akaambiwa, itaandikwa kwamba familia imekataa, faili litabaki wazi, na la redio litaendelea na mkondo wake. Yule bwana akampa mkono. Fundi hakuupokea, akatoka.

Alikuwa ameshavuka geti aliposikia viatu nyuma yake. Miwani alikuwa akikimbia, kofia mkononi.

"Shemeji. Shemeji, nisubiri."

Fundi hakusimama, ila alipunguza mwendo.

"Nilikuwa mimi kwenye redio siku ile," koplo alisema, pumzi zikimkatika. "Mimi ndiye niliyekuwa napokea. Aliita saa nane na nusu, akaita saa tisa, akaita saa kumi na dakika kumi. Hakulalamika. Alisema, bado sijapokelewa. Basi. Nikamwambia vumilia, Dada, anakuja. Na nilijua haji."

Wakatembea hatua chache.

"Ungeyasema haya mle ndani," alisema fundi.

"Ningeyasema."

"Mbona hukuyasema?"

Koplo alivua miwani akaifuta kwa tai, ingawa haikuwa na vumbi. Alibaki pale kando ya barabara, fundi akaendelea peke yake. Alitaka kumchukia, na njia nzima alijaribu, lakini kila alipoishika ile chuki ilimponyoka, ikapanda juu, kwa wenye feni na mihuri, ambako hakuna mlango atakaofunguliwa.

Njia ya nyumbani ilipita kwenye mzunguko. Tangu msiba alikuwa akiuzunguka kwa mbali, leo miguu ilimpeleka hapo hapo. Saa ya benki ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano. Katikati ya magari alisimama konstebo mwingine, binti mdogo, mikono ikipanda na kushuka, shati limelowa jasho mgongoni. Kila magari yalipotulia alitazama upande wa kituo, kama mtu anayengoja mgeni.

Fundi akavuka mpaka kwenye ukingo wa duara lile. Akamsalimia, binti akamwamkia shikamoo kwa haraka, jicho kwenye magari.

"Zamu yako iliisha saa ngapi, mwanangu?"

"Saa nane, baba."

"Na umeshasaini?"

Binti akamtazama vizuri sasa. Huenda alimtambua, maana sauti ilishuka. "Tangu asubuhi, baba."

"Kesho usisaini kabla. Nakuomba. Saini unapotoka."

Lori lilikuja upande wa kushoto. Binti akainua mkono, likasimama, akayaruhusu ya upande wa pili, akafanya hivyo mara tatu kabla hajamrudia. Hakuwa anamjibu kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli, kama mtoto anayemwuliza mkubwa atakayejua.

"Sasa nisiposaini, baba, nitapewaje redio?"

Fundi alirudi kando ya barabara, akakaa kwenye ukingo wa lami, na shati lake la harusi za watu likipigwa moshi. Akakaa akimtazama mpaka saa kumi na mbili kasorobo, ambapo mwenzake alitokea akikimbia, na binti akampokeza filimbi.