Kamba ya Ayeeyo Maka

Siku ya kwanza ya shule, Sharifo alipiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kopo tupu la samli lililogongwa kwa mwiko. Shule ilikuwa kivuli cha aqal, nyumba yao ya fito na mikeka, na mwanafunzi alikuwa mmoja tu: Nimo, bintiye wa miaka saba, aliyekaa hatua tatu kutoka kwenye hiyo kengele.

"Hooyo, nimeshafika," Nimo alimwambia mama yake.

"Ingia darasani."

"Darasa liko wapi?"

Sharifo alionyesha mstari aliouchora mchangani kuwa mlango. Nimo akainuka, akauruka mstari, akakaa palepale alipokuwa. Kando yao alikuwepo Ayeeyo Maka, mama mkwe wa Sharifo, akisokota kamba kwenye paja lake. Bibi huyo hakuinua kichwa.

"Mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja," alisema, "na mwalimu ndiye anayemwogopa mwenzake."

Alisema kweli. Sharifo alikuwa mtu wa kuona haya tangu utotoni. Alisoma Garissa mpaka darasa la nne kabla hajaolewa, na katika miaka yote minne hakuwahi kuinua mkono. Mbele ya wanaume wenye karatasi ndiyo kabisa. Aliuma ncha ya shungi lake, mtandio wa kichwani, na maneno yakarudi tumboni. Lakini mwaka ule wa 1966 hapakuwa na mwingine wa kumfundisha Nimo. Vita vya serikali na waasi vilipofika kwao Balambala, walimu waliondoka kwa lori, wanajeshi wakaigeuza shule kuwa ghala, na watu wakakusanywa ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Kutoka kulitaka kibali. Jioni askari waliwapanga watu mistari na kuwahesabu.

Baba yake Nimo, Rage, dereva wa lori, alikuwa amekwama Garissa mjini. Mwezi wa tisa barua yake ilipenya, imekunjwa ndogo kama hirizi. Shule moja ya mjini ingepokea watoto kutoka vijiji vilivyofungiwa. Darasa la kwanza limejaa, kwa hiyo watachukuliwa wale tu wanaoweza kuingia la pili, wanaojua kusoma na kuhesabu. Mwalimu mkuu angekuja na msafara wa jeshi mwezi wa kumi na mbili, awapime. Atakayefaulu atapewa kibali cha kutoka, yeye na mlezi wake. "Asipofaulu," aliandika Rage, "sijui tutaonana lini."

Sharifo aliisoma mara tatu. Nimo alikuwa amesoma muhula mmoja tu kabla shule haijafungwa, na alichokumbuka ni wimbo wa kusimama na kukaa.

Basi alitengeneza ratiba juu ya karatasi ya mfuko wa unga: saa mbili kusoma, saa tatu kuhesabu, saa nne mapumziko. Ratiba haikumaliza wiki. Saa mbili ndipo foleni ya maji ilipofunguliwa, saa tatu ndipo posho ilipogawiwa, na saa nne Nimo alitakiwa kuwafunga wanambuzi kivulini wasizurure wakati mama zao wako malishoni. Siku ya nne mtoto alilia kwa sababu herufi zote zilionekana sawa machoni pake, na mwalimu naye akalia, kila mmoja upande wake wa aqal.

Kesho yake hakupiga kengele. Walikwenda pamoja kuteka maji, na pale langoni palikuwa na ngamia mmoja amefungwa, amekonda, hana mwenyewe. Nimo alimtazama mara moja tu.

"Huyu ametoka Ijara," alisema. "Ni wa wale watu wa mjomba Nuh."

"Nani kakwambia?"

"Shingoni. Alama yake."

Sharifo aliweka debe chini. Ngamia alikuwa na chapa ya moto, mstari uliokatwa juu na mwingine mfupi. "Na alama ya baba yako unaijua?"

Nimo akaichora mchangani kwa kidole cha mguu. Akachora na ya akina mama yake, na ya watu wa Buna waliowahi kupita na ng'ombe, na nyingine mbili ambazo Sharifo mwenyewe hakuzijua.

"Mbona hukuniambia kwamba unajua kusoma?"

"Hii si kusoma, Hooyo. Hii ni kujua tu."

Kuanzia siku hiyo herufi zikawa koo za watu, kila ukoo na chapa yake. M ilikuwa chapa ya watu wa maji na maziwa. B ilikuwa ya watu wa bakuli. A, E, I, O, U walikuwa mabinti watano wenye sauti, wanaotafutiwa wachumba. Nimo alizipokea habari hizi kama mtu mzima anavyopokea habari za jirani.

"M akimwoa A, mtoto wao nani?"

"Ma," alisema Nimo.

"Na B akimwoa A?"

"Ba. Na M akirudi na kumwoa U?"

"Mu."

"Anaoa wengi huyu M," alisema Ayeeyo Maka kutoka kwenye kamba yake. "Ana mifugo mingapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza bibi kuingia darasani. Waliziozesha herufi kwenye foleni ya maji, wakaziozesha wakisubiri posho, wakaandika ndoa zao mchangani na kuzifuta kwa unyayo. Kabla mwezi wa kumi haujaisha Nimo alikuwa akisoma maandishi ya magunia, na siku moja aliichukua barua ya baba yake, akaisoma polepole mpaka kwenye "sijui tutaonana lini". Hapo akaikunja tena kama alivyoikuta.

Kilichobaki ni hesabu, na hesabu ndiyo nusura ivunje kila kitu.

Sharifo alifanya haraka. Alikumbuka kwamba darasani walihesabu vijiti, lakini vijiti vilimchosha Nimo, wanambuzi walimfurahisha. Asubuhi moja alimsimamisha mbele yao. "Nyoosha kidole. Sema." Mtoto akanyoosha, akasema kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano. Hakukosea hata mmoja, na Sharifo akapiga makofi.

Ayeeyo Maka alitoka ndani ya aqal kama aliyesikia moto. "Mmefanya nini?"

Sharifo alijua kosa lake papo hapo. Kwao mtu hahesabu viumbe hai kwa kidole na kwa sauti. Ni kuwaitia mkosi. Mwenye mifugo humjua mnyama kwa rangi yake, kwa mlio, kwa mama yake, na akikosekana mmoja pengo lake huonekana bila namba. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Shule ilimsahaulisha kwa asubuhi moja.

Usiku ule fisi alipenya chini ya seng'enge, akamchukua mwanambuzi mwekundu, kipenzi cha Nimo.

Bibi hakupiga kelele. Alikaa karibu na pengo la mwanambuzi huyo, shuka limefunika kichwa. "Kila jioni askari wananihesabu mimi kama gunia," alisema. "Nyamaza, najiambia, hao hawajui. Lakini wewe unajua, Sharifo. Basi yatosha. Mtoto atachunga. Shule hiyo isije tena mlangoni kwangu."

Sharifo aliuma ncha ya shungi.

Siku tisa zilipita bila somo. Nimo alichunga, akala, akalala. Siku ya kumi Sharifo alimkuta amejikunyata nyuma ya aqal na barua ya baba yake mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa akiisoma kwa midomo tu, bila sauti, ili bibi asisikie. Ila Ayeeyo Maka alikuwa amesimama pembeni kabla ya Sharifo, na alikuwa ameona yote.

Jioni hiyo bibi alikaa na kamba yake mpya, ile ndefu anayofungia wanambuzi. Kamba ya namna hii hutandazwa chini kati ya vigingi viwili, nayo huwa na vitanzi vidogo, kila mwanambuzi na kitanzi chake shingoni. Alifunga fundo kubwa katikati, akaanza kutia vitanzi upande mmoja, kisha wa pili. Alipomaliza akamrushia Nimo ncha ya kamba miguuni.

"Kamba haina roho," alisema. "Ihesabu mpaka uchoke."

Nimo akamtazama mama yake. Sharifo akamtazama bibi.

"Kumi huku, kumi kule," alisema Ayeeyo Maka, akijifanya anatafuta kitu kilichoanguka. "Mnanitazama nini? Mimi sikusoma, lakini kamba nimesokota miaka hamsini. Mnafikiri nilikuwa naifunga kwa bahati?"

Kumbe hesabu yote ilikuwa mle. Vitanzi vilivyojaa na vilivyo vitupu vilikuwa kujumlisha na kutoa. Viwili viwili vilikuwa jozi. Kila saa nne wanambuzi walipofungwa, Nimo alipita kando ya kamba akisema ni vitanzi vingapi vimeshiba na vingapi vina njaa, na hakuna mnyama aliyenyooshewa kidole. Bibi alimsahihisha bila kuinua macho.

Msafara ulifika mwezi wa kumi na mbili, malori manne, saa tano asubuhi. Ungeondoka saa saba. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa bara, mwembamba, koti lake limegeuka rangi ya barabara. Aliwekewa meza karibu na aqal za upande wa lango, ile ya Sharifo ikiwemo, akaletewa watoto watano. Wanne aliwapima haraka. Mmoja alifaulu, watatu wakarudi kwa mama zao. Nimo alikuwa wa mwisho, na ofisa wa msafara alikwisha piga honi mara moja.

Mwalimu alifungua kitabu. Nimo akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kidole chini ya neno. Kwenye wa nne akasimama.

"Tre-ni," alisoma. "Treni ni nini?"

"Gari refu linalopita juu ya vyuma."

"Ni refu kuliko msafara?"

"Kuliko msafara huu, ndiyo." Mwalimu alitazama saa, akafunga kitabu. "Kusoma anajua. Sasa hesabu. Unawaona mbuzi wale wadogo? Wako wangapi?"

Wanambuzi walikuwa kivulini, wamefungwa kwenye kamba, wengine wamelala. Nimo akawatazama. Akamtazama Ayeeyo Maka aliyesimama na wanawake wengine. Akafunga mdomo.

"Wako wangapi, mtoto?"

Kimya.

"Basi hesabu mpaka watano tu."

Kimya. Honi ikalia mara ya pili. Mwalimu akavuta pumzi, akashusha kalamu kwenye karatasi, mahali palepale alipowaandika wale watatu.

Sharifo aliiona kalamu ikigusa karatasi. Ncha ya shungi ilikuwa tayari kati ya meno yake. Aliona safari ya Garissa inafutwa na mtu asiye na ubaya wowote, mwenye haraka tu. Akaitoa ncha ya shungi mdomoni.

"Mwalimu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Muulize kamba."

"Niulize nini?"

"Wale ni viumbe. Hapa hatuwahesabu. Muulize kamba."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kukasirikia, asipaone. Akamgeukia Nimo. "Haya. Kamba inasemaje?"

"Ina vitanzi ishirini," alisema Nimo mara moja. "Kumi huku, kumi kule, fundo katikati. Sita ni vitupu."

"Kwa hiyo mbuzi ni wangapi?"

Nimo alimwonea huruma. "Kwa hiyo umeshajua mwenyewe, Mwalimu."

Midomo ya mwalimu ilicheza kidogo. Akainua kalamu kuwaelekeza wanambuzi, ahakikishe. Ayeeyo Maka akakohoa, naye akaishusha. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka vumbi likamwagika kutoka kwenye koti.

"Nimefundisha miaka kumi na mmoja," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtoto kunipa mtihani mimi." Akaandika, akapiga mhuri. "Darasa la pili. Mlezi wake nani?"

"Mimi," alisema Sharifo. "Na bibi yake."

"Kibali kina mstari mmoja wa mlezi, mama."

Mara hii hakuitafuta sauti, ilikuwa ikimngoja. "Mwalimu wa kusoma ni mimi. Mwalimu wa hesabu ni yeye. Utamwacha yupi?"

Mwalimu akapiga mstari wa pili kwa mkono wake, akaandika Maka.

Mbuzi waliachiwa Olow, mpwa wa bibi, ambaye kesho yake angeanza kuulizwa maswali na nusu ya watoto wa kijiji: vitanzi vilivyoshiba vingapi, vyenye njaa vingapi. Kamba nayo ilibaki. Ayeeyo Maka alisema angesokota nyingine. Mjini nako hakukosi cha kufunga.

Walipanda lori la tatu. Kabla ya kuondoka askari alikuja nyuma ya gari na daftari, akaanza kunyoosha kidole usoni mwa watu. "Moja, mbili..."

"Wewe," alisema Ayeeyo Maka kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisichoijua p. "Watu si unga wa kubima. Hesabu ndara."

Lori zima likacheka. Askari alikuwa kijana, jua lilikuwa kali, na bibi alikuwa na umri wa bibi yake. Akashusha kidole miguuni mwao, akahesabu ndara mpaka mwisho. "Ishirini na sita," alisema, akakwama, akakuna shingo kwa kalamu.

"Jozi kumi na tatu," alisema Nimo.

Askari akaandika. Sharifo akafungua furushi lake, akatoa lile kopo la samli na mwiko, akaligonga mara moja kwa nguvu, mbele ya wanaume wote, na lori likaondoka.